Mwanangu Ameota Jino Langu

Mpendwa Nan Delfina, mshauri wetu wa redio, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, nimejifungia jikoni naandika huku mama mkwe anadhani nakanda unga wa mahindi. Mimi ni mke wa mfumaji hapa Totonicapán, binti yetu Odilia ana miaka minane, na jino lake la mbele la juu, lile la ukubwani, limeota pana kuliko yote, lina mfereji katikati na ncha iliyopasuka kama ukwato wa mbuzi, yaani meno mawili yaliyoshikana yakawa moja, na tangu liote wenzake shuleni wanamwita Mbuzi, mtoto kaacha kucheka, akiongea anaziba mdomo kwa mkono.

Mama mkwe wangu, bi Tomasa, ana jibu lake, anasema mimba ikiwa ya miezi mitano mwezi ulipatwa, nami sikuvaa chupi nyekundu wala sikufunga ufunguo kiunoni, basi mwezi ukamng'ata mtoto, na kila mgeni akija namsikia, "Huyu mkaza mwanangu kufuma anajua, kulea mimba hajui! Mwezi unaliwa, yeye yuko uani anaanua nguo!" Mume wangu Fermín anacheka tu, "Mama, muache bwana, yameshapita," nami nainamisha kichwa kama mkosaji, kwa sababu ukweli naujua, Nan, jino hilo ni langu. Langu liliota hivyo hivyo, na nilipofika miaka kumi na tisa, posa ikiwa njiani, mama yangu alinipeleka kwa fundi wa dhahabu sokoni, akalisaga kwa mashine likabaki kisiki, akalivika dhahabu yenye nyota, na kwa kuwa kwetu dhahabu mdomoni ni pambo, hakuna aliyewahi kuuliza kuna nini chini yake, Fermín mwenyewe husema alinipendea tabasamu. Lakini jino lilikufa, na kila mvua zikianza ufizi unavimba. Sasa bi Tomasa ameshamwekea Odilia miadi ya Jumamosi kwa fundi yule yule, ili aende kwenye sikukuu ya mji na nyota yake, na mtoto anahesabu siku kwa furaha. Nikikataa wataniuliza kwa nini, na nikisema kwa nini, Fermín atajua nilimficha tangu siku ya kwanza. Nifanye nini?

Mwenye Nyota, Totonicapán

Mwenye Nyota, pole. Jino lililokufa linauma, na masimango ya mama mkwe yanauma zaidi, hilo nakubali. Huruma yangu inaishia hapo. Katika nyumba hiyo ni wewe peke yako unayejua ile mashine inafanya nini, halafu umeinamisha kichwa! Unamlinda nani?

Mwezi haukumng'ata mtu. Meno huanza kuumbwa ndani ya ufizi muda mrefu kabla hatujayaona, na mara nyingine vichipukizi viwili hushikana, au kimoja hutaka kugawanyika kikaishia njiani. Hutokea, na kwenye familia nyingine hujirudia. Si laana wala uzembe wa mtu. Mama yako alikosea kukupeleka sokoni, na alikosea kwa mapenzi, kama bi Tomasa anavyotaka kukosea sasa.

Odilia haendi kwa fundi. Jino la mtoto wa miaka minane ni changa, nyama yenye uhai imejaa ndani mpaka karibu na juu, ukilisaga umelichinja. Mpeleke mjini Xela kwa daktari wa meno aliyesomea, apige picha, aone kama mzizi ni mmoja au miwili. Mfereji ule hushika chakula ukaoza, na daktari anaweza kuuziba. Umbo litarekebishwa polepole, wakati wake ukifika. Mpaka hapo ni mswaki, asubuhi na usiku. Mtoto akishuka kwenye kiti cha daktari, panda wewe. Ufizi unaovimba kila mwaka usiusingizie mvua.

Fermín mwambie leo, na usijieleze sana. "Jino la Odilia limetoka kwangu. Chini ya nyota hii palikuwa na lile lile, wakaliua." Akinuna, anune. Mwanamume anayecheka mkewe akisimangwa mbele ya wageni hana pa kuanzia kulaumu. Kwa bi Tomasa nendeni wote wawili, yeye ndiye aseme, "Mama, mtoto haendi."

Lakini kabla ya Fermín yuko mwingine. Odilia anaamini hakuna mtu duniani aliyeumbwa na jino kama lake, nawe unaishi naye chini ya paa moja ukamwacha aamini hivyo. Mwite sasa hivi hapo jikoni, mshushe ule mkono mdomoni, umwambie, "Mimi pia, mwanangu."