Kwa Kocha Kisogo, Aliyetazama Viti

Mwaka umekatika tangu ututoke, Baba Watoto, na leo nashika kalamu kwa niaba ya familia nikiwa na moyo mwepesi. Moyo huo sikuwa nao tulipokuzika.

Ulikuwa fundi wa kuvalisha meza za pool vitambaa, kisha ukawa kocha wa timu ya taifa. Mashati yako niliyafua mpaka nikachoka, chaki ya bluu haikutoka mfukoni. Ukikuta mchezaji ana njaa, unakuja naye nyumbani. "Mama Watoto, ongeza maji," unaniambia. Nanung'unika, naongeza.

Siku za mchujo uliipa meza kisogo. Wenzako wakihesabu mipira iliyoingia, wewe ulimtazama aliyekaa kitini akisubiri zamu. Ndiyo maana wachezaji wakakubatiza Kisogo. Ulisema mkono unafundishika, ila asiyeweza kutulia kitini ataivuruga timu nzima.

Kwa kipimo hicho ulimwacha nje ya timu binti yetu, kitinda mimba. Kwa shabaha hakuna aliyemfikia, lakini mwenzake akiwa mezani, yeye anasonya. Nilikuuliza, "Kwani mtoto amekukosea nini?"

"Hapa ni mwanangu," ukajibu. "Kule ni mchezaji."

Binti akatundika fimbo yake. Kati yenu ikawa shikamoo, basi. Ukaugua, ukaenda, na jambo lenu halijasemwa. Hilo ndilo lililonikaa rohoni kuliko msiba wenyewe.

Mwezi uliopita msaidizi wako, aliyerithi timu, aliitisha mchujo. Binti akaishusha fimbo, akaenda. Nikamfuata, nikakaa karibu na mlango. Mchezo wa mwisho akakosa mpira mweusi uliokuwa mdomoni kabisa mwa tundu. Nikafumba macho nikisubiri msonyo. Haukuja. Nilipofumbua, alikuwa ameketi, fimbo magotini, anampigia makofi mwenzake aliyemaliza mchezo.

Alifungwa, na akachaguliwa. Watu wakaguna. Msaidizi wako, naye akiwa ameipa meza mgongo, akawaambia, "Mzee aliniachia neno hospitalini. Alisema, binti yangu ndiye bora tuliye naye. Siku akitulia kitini mchukue, hata kama amefungwa."

Binti alilia mbele za watu bila aibu. Njiani akaniambia, "Kumbe Baba alikuwa ananingoja." Nikashusha pumzi, mume wangu. Ila na wewe mkaidi, si ungemwambia mwenyewe?

Unakumbukwa na kitinda mimba wako, aliyeomba atajwe wa kwanza, mimi mkeo, kaka zake na wake zao, dada yako, ambaye bado anabisha kwamba ulimwonea mtoto, wajukuu, na wachezaji wote waliokula kwetu.

Pumzika, Kocha. Humu ndani hakuna tena anayekununia, na hakuna atakayekusahau.