Radi ya Baní

Baní, 3 Mei 1998

Mwanangu Eliseo,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, goti la mama yako limetulia. Baridi ya huko Marekani inakuacha salama?

Jana mtangazaji wa redio kasema tangu besiboli ianze hajaonekana mrushaji wa kumalizia mechi kama wewe. "Radi ya Baní!" Toribio kachora sura yako ukuta mzima wa duka lake. Mimi sasa naitwa Baba Radi. Tuletee ubingwa.

Baba yako, Anselmo

20 Juni

Baba, naomba baraka zako. Afya si mbaya, ila bega linauma.

Usiwasikilize hao. Mimi huingizwa mwishoni, tukiwa tayari tunaongoza, narusha mipira michache, natoka shujaa. Mpira wangu una kasi, lakini umenyooka kama uzi. Wapinzani wanaupiga vizuri tu. Wenzangu ndio wanaokimbia kuudaka. Nilimwambia mwandishi mmoja hivyo. Akacheka: "Kaka, hata unyenyekevu wako ni habari!" Kesho yake kaandika ukurasa mzima. Kocha alitaka kunipumzisha, magazeti yakamrukia.

Nataka kurudi nyumbani.

Mwanao, Eliseo

14 Julai

Mwanangu, Mungu akubariki. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula.

Acha woga. Wale waandishi wamesomea kazi yao, wewe unabishana nao? Urudi kufanya nini, kukata ndizi? Mdogo wako Rafelín kaacha shule, anashinda uwanjani akirusha kama wewe. Utamwambia nini?

Baba yako

12 Oktoba

Baba, naomba baraka. Sijui kama mko wazima, simu hampokei.

Najua mliona. Kocha aliponiita kwenye fainali nilimwambia mkono haunyanyuki. Akasema, "Sikia wanavyoimba jina lako. Nikikuacha benchi, watanichinja mimi." Mpira wa kwanza ulipigwa hadi jukwaani. Wa pili sikugeuka kuutazama, na ubingwa ukaenda.

Yule mwandishi leo kaandika kwamba siku zote alikuwa na shaka nami. Daktari kasema bega limechanika, sitarusha tena.

Nitakuja Krismasi. Nijibuni hata neno moja.

Mwanao

15 Novemba

Baba, baraka zako. Bado nasubiri.

Eliseo

6 Desemba

Mwanangu, Mungu akubariki. Tuko hai.

Nimechelewa kwa sababu kila nikiandika nachana. Sura yako dukani waliimwagia lami. Toribio mwenyewe alishika ndoo. Rafelín walimpiga uwanjani kwa sababu ya jina lako. Shule hataki kurudi, na mpira haugusi. Anakaa tu kitandani, kageukia ukuta.

Usije Krismasi hii. Watu bado wana hasira. Nami pia, ukisimama mlangoni, sijui nitakutazamaje. Naomba usiniulize zaidi.

Mama yako nimemwambia ni wewe uliyekataa kuja. Akikupigia simu, usinikanushe.

Baba yako