Mimba ya Mashine

Guano, Chimborazo,
Jumapili, 9 Juni 2019

Mpendwa kaka Hólger,

Shikamoo. Naiandika kwa heshima ya umri wako, maana heshima nyingine imenipungua. Natumaini huko Murcia mko wazima, mgongo wako umepata nafuu na wifi Jenny amezoea joto. Sisi tunapumua. Mvua zimekatika na mahindi yanakauka vizuri.

Uliuliza kama kaburi la Mama limejengewa. Limejengewa, na msalaba ni ule wa bluu ulioutaka.

Sasa Targelia. Hukumuulizia, lakini ni dada yetu na utasoma. Alipokwenda kupasuliwa kwa ajili ya ile nyongo iliyokuwa ikimtesa, kliniki ilimpima damu kwanza, kama inavyowapima wanawake wote. Mashine ikasema ana mimba. Mjane anayeishi na sungura wake tu, kaka! Akacheka, akadhani anataniwa. Muuguzi hakucheka: "Mama, mashine haina ugomvi na wewe." Wakamrudisha nyumbani na maumivu yake. Kipimo cha mkojo kilikataa, lakini nani asikilize mkojo wakati damu imekwisha sema?

Guano nzima ikajua. Sokoni wakawa wanamwita: "We Targelia, kumbe sungura wako wamekufundisha kazi!" Hayo aliyastahimili. Kilichomvunja ni simu yako. Mama, aliyekuwa kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho, aliweka sauti ya simu juu, nami nilikuwepo nikakusikia: "Mama, usimbariki huyo mpaka amtaje mwanamume."

Mama alikutii. Kila jioni Targelia alipiga magoti kando ya kitanda, na kila jioni Mama alimpa mgongo. "Nimtaje nani, Mama? Sina wa kumtaja!" Mama akafa hivyo. Mimi nilibarikiwa kwa mkono, wewe kwa simu, yeye akatoka mikono mitupu.

Mwezi uliopita hospitali ya Riobamba ilimpima upya. Mtaalamu wa maabara akamwuliza anafuga nini. Kumbe dawa ya kile kipimo hutengenezwa kwa damu ya sungura, na mwili wa Targelia, kwa kuishi nao miaka yote, umejijengea kinga dhidi yao. Kinga hiyo iliikamata dawa, mashine ikaihesabu kuwa ni mimba. Walipoizimua damu yake, jibu halikupungua kama inavyopasa, wakajua ni uongo.

Nikaenda kliniki nikiwa nimefura. Mkuu wa maabara akaniambia kwamba kila asubuhi wanaipa mashine damu ambayo jibu lake wanalijua, na kila asubuhi inajibu sawasawa. "Mashine yetu ni nzima, mama." Nikamwuliza mbona mkojo ulipokataa hawakurudia. Akaanza kutafuta miwani yake. Damu ile ya asubuhi haijawahi kufuga sungura, kaka. Nawachukia watu wale, na nawe nakuwekea chuki kidogo.

Targelia amekwisha pasuliwa, anakunywa supu. Hana kinyongo na wewe. Ninacho mimi.

Msalimie wifi na watoto. Mjomba Amable anawasalimu.

Mungu awafunike huko ugenini. Baraka ya mzazi sina ya kukutumia. Mama hayupo, na kwa desturi yetu kifungua mimba ndiye anayebariki wadogo zake, na kifungua mimba ni wewe. Targelia atakupigia Jumapili ijayo. Mimi ningekutukana. Yeye atapiga magoti mbele ya simu.

Dadako, anayekupenda bado, kwa taabu,
Zoila