Wali Wetu Ulirudi na Nyama

Mama, shikamoo huko uliko.

Jana nimepika mchele wa kihogo, ile mbegu yetu ya huku, harufu ikajaa nyumba nzima hapa Lipangalala, nikacheka peke yangu. Nilikumbuka ule mkutano wa kampeni, mwaka wa kwanza wa vyama vingi. Tajiri wa mashine ya kukoboa alikuwa anautaka udiwani. Akachinja ng'ombe, akatugawia kanga, akatulisha. Wewe ukatia tonge mdomoni, ukaninong'oneza: "Kihogo hiki. Mwanangu, huu mpunga ni wetu."

Ulikuwa wetu kweli. Ushirika wetu wa wakulima ulipokufa, ghala lake lilitiwa kufuli, nasi hatukuwa na pa kuweka mpunga kusubiri bei. Tulimuuzia yeye mavuno yakiwa bado shambani, kwa bei aliyotaka mwenyewe. Redio ikasema ni soko huria. "Huria kwa mwenye lori," ukasema, shangazi akacheka hadi akapaliwa.

Sasa alikuwa analitaka na ghala lenyewe. Kila mtu alijua, ila umeshakula cha mtu, utamsemaje? Wewe ukamaliza sahani, ukanawa, ukasimama na kanga yake begani.

"Mheshimiwa, asante kwa chakula. Ukiupata udiwani, ghala letu utalifungua au utalinunua?"

Mungu wangu! Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi akakuvuta kanga: "Wifi, si umekula kwake?"

"Nimekula kwangu. Chake ni nyama tu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ikabidi aseme mbele ya watu wote kwamba ghala ni la wakulima na litafunguliwa. Alishinda, yeye alikuwa na malori, mpinzani wake alikuwa na baiskeli. Hilo bado linaniuma. Lakini kila alipolinyemelea ghala, watu walimkumbusha maneno yake, na mpaka leo ni letu. Mpunga wangu umo humo.

Nina raha, mama. Sijatajirika, ila siuzi tena kwa kubabaika. Na ninakukumbuka sana.

Juzi kaja mgombea mwingine, mwenye mashine kubwa zaidi, naye kapika. Nikala nikashiba, nikanawa mikono, nikajifunga kanga vizuri. Hata kabla sijasimama, wanawake waliokaa nyuma yangu walikuwa wameshaanza kucheka.

Pumzika, mama yangu.

Ni mimi, binti yako uliyemwaibisha.