Maziko ya Mama na Tovuti Iliyofungwa

Kambi ya Dzaleka,
Dowa, Malawi.
5 Juni 2025

Mpendwa kaka yangu Eliezer,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wifi Gabriella na watoto. Natumaini baridi ya huko Winnipeg imewaachia kidogo na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku tunaamka na tunalala. Malaria ilimpitia mwanangu Irakiza wiki mbili zilizopita, lakini sasa anakula nsima, ugali wa huku, mpaka naficha sufuria. Miguu yangu ni ile ile, inavimba jioni.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi mwaka huu. Tangu tarehe kumi Mei hupokei simu zangu, na kwenye WhatsApp naona alama moja tu, karibu mwezi mzima. Mimi si mjinga, najua nimezuiwa. Basi nimeandika kwa mkono na nitampa Mama Xaverine, jirani yetu, ambaye jina lake limetoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa Kanada na anaruka Jumatano na familia yake kuja huko kwenu. Nilimwomba aiache mlangoni kwako. Akanikatalia: "Hapana, mi nitamupa mu mukono yake mwenyewe, na nitaikala paka aisome." Kwa hiyo kama amekaa hapo anakutazama, mpe chai na usome mpaka mwisho. Nina jambo la kuungama na jambo la kuomba.

Nianze na ulichokiona wewe. Jumamosi ile ulijaza nyumba watu wa kwetu Uvira, ukaunganisha televisheni kubwa, wifi akapika. Saa ilipofika mkafungua tovuti yetu ya Tulie Pamoja ili mtazame video ya maziko ya Mama pamoja nasi, mkakuta maandishi ya Kiingereza kwamba ukurasa umesimamishwa. Nimesikia mlikaa saa nzima mkibonyeza. Nimesikia pia kuna mtu alisema dada yako ameifunga makusudi, kwa sababu ya ule ugomvi wetu wa mahali pa kumzika Mama. Ugomvi ulikuwepo, sikatai, na mimi nilisema maneno makali. Lakini nikufungie mlango wa maziko ya mama yako? Iliniuma sana kwamba uliweza kuamini hilo.

Ukweli ni huu. Tovuti hii tuliianza wakati wa korona na video tatu tu za matanga. Sisi hatuna kadi ya benki ya kulipia nje, kwa hiyo Amanda, yule dada Mmalawi mwenye ofisi ya kompyuta Old Town, kule Lilongwe, alitulipia kwa kadi yake na kwa jina lake. Alichagua kampuni ya nje ya kuhifadhi tovuti, mpango wa bei ya chini kabisa, ulioandikwa kwa herufi kubwa kwamba hauna kikomo. Nilifurahi kama mtoto. Sasa najua kwamba mpango ule ni kama chumba cha kupanga kwenye ua wa watu wengi: kikomo hakiandikwi mlangoni, ila ukileta sherehe kila wiki utatolewa tu. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, walikataa mtu kugeuza seva yao ghala la video.

Mwaka jana Amanda alinionya. Tulikuwa na matanga arobaini na kitu, na familia za Australia, Marekani na Norwe zilikuwa zinatazama kila siku. Alinipa njia mbili: tuhamie kwenye seva kubwa, au tuweke video zetu kule kwenye mitandao ya bure. Hiyo ya bure tulishaijaribu kwa Mzee Cishahayo, unakumbuka? Katikati ya sala likaingia tangazo la bia, na wasichana wanacheza. Mjane wake hakuniongelesha mpaka Pasaka. Kuhusu seva kubwa nilisema tusubiri kidogo. Kusubiri huko ni kosa langu la kwanza.

Akasema basi angalau tukate. Video ya saa sita ifanywe ya dakika ishirini. Nilipeleka neno hilo kwa wazee wa kanisa wakanicheka. "We Maombi, utakata nani? Bantu balikuya na miguu, balisimama, balisema pole. Ule utakata, njo wa nani?" Na kweli, kila utakayemkata ana wenyewe; hata wewe ukitazama matanga unatafuta nani alikuja na nani hakuja. Basi hatukukata hata kikohozi. Binamu yetu René, anayeshika kamera, alikuwa anapandisha kila kitu kizima kizima, na mzigo ukaongezeka.

Halafu likaja la Mama. Tulipokwisha kumzika na René kupandisha video, nilitaka asililiwe vipande vipande, mmoja leo, mwingine kesho, kila mtu peke yake na simu yake kitandani. Kwa hiyo nikatangaza kwenye makundi yote: Jumamosi, saa kumi jioni ya Malawi, wote tufungue saa ile ile, tulie pamoja. Hata aliyeko Australia aamke. Kaka, walifungua kweli. Amanda aliniambia baadaye kwamba watu elfu moja na mia tisa waligonga mlango ule ndani ya dakika tano, na video ilikuwa ya saa sita kasoro. Kampuni ikaona seva yao inazidiwa, wakazima. Mimi ndiye niliyewaita wote kwa saa moja. Hakuna mwingine wa kulaumiwa kwa hilo.

Maonyo yalikuwa yamekuja mara tatu tangu Januari. Yalikwenda kwenye barua pepe ya Amanda, kwa kuwa jina ni lake, naye alidhani ni matangazo ya kampuni, akayapita. Nilimkasirikia, nikamwambia maneno, kisha nikaona aibu. Miaka minne anatusaidia na hata soda hajaomba.

Baada ya kuzima walitupa siku kumi za kutoa vitu vyetu, kisha wafute. Matanga sitini na moja! Kwa intaneti ya kambini, ungekuwa unavuta mpaka Krismasi. Ilibidi niende kukaa ofisini kwa Amanda, na wewe unajua kutoka kambini kunataka kibali. Kibali kilinichukua siku nne. Zikabaki sita, tukawa tunavuta mchana kutwa, video baada ya video, kwenye diski mbili alizoazima kwa shemeji yake wa Kanengo.

Hapa ndipo moyo wangu unapokuwa mzito. Ilibidi nipange nani aanze. Nilikaa na orodha ile nikalia kabla sijaandika jina hata moja. Nikaanza na wale ambao hawana mtu tena hapa Dzaleka. Nikamtoa Niyonsenga, yule kijana aliyekufa maji, kwa sababu dada yake Raïssa yuko peke yake Norwe na hana picha nyingine ya kaka yake. Nikatoa watoto. Nikatoa wazee ambao familia zao zote zimeruka. Mama nikamweka mwisho. Nilijiambia sisi tunaye mimi, niliyekuwepo, nitakusimulia. Na niseme yote: niliogopa watu wasije wakasema Maombi ameokoa wa kwake kwanza. Kiburi, kaka. Nilikiita haki.

Siku ya mwisho tulibakiwa na watatu, Mama akiwa mmoja wao. Umeme wa Old Town ukakatika saa nane mchana. Jenereta ya jirani iligoma. Uliporudi saa moja na nusu tukajaribu kuingia, nywila ikakataa, tukajaribu tena, ikakataa. Amanda aliwaandikia kampuni usiku huo huo. Asubuhi walijibu kwa adabu kwamba vimeshafutwa.

Utauliza juu ya kadi ya kamera. Kadi nzuri tuna moja tu. Siku tatu baada ya kupandisha video ya Mama, kabla ya Jumamosi ile, kulikuwa na msiba mwingine, na René alinijia, akaniita kama anavyoita wakubwa wake wote: "Yaya, nifute? Ya Mama iko ku internet." Nikamwambia futa. Niliitoa ruhusa mimi, kwa mdomo wangu, huku nikichambua maharage.

Basi ndivyo ilivyo. Maziko ya Mama hayapo, Eliezer. Nisamehe. Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi nne na kuzichana zote.

Sasa ombi. Hao hamsini na nane waliobaki wako kwenye diski mbili ndani ya sanduku langu, zimefungwa kwenye kitenge, na kila mvua au panya nashtuka. Hawawezi kukaa hapo. Tumekubaliana na Amanda na wazee tusirudie kosa. Kurasa zenyewe, majina na tarehe, zitakaa kwenye kampuni ndogo ya kawaida, maana maandishi hayana uzito. Video zitakaa mahali pengine palipotengenezwa kwa ajili ya video, ambapo unalipia kile kinachotazamwa, na nakala zake zinasambazwa kwenye kompyuta za nchi nyingi. Wa Australia atavuta kutoka karibu naye, wa Kanada karibu naye, hakuna wa kumkanyaga mwenzake. René amejifunza kupunguza uzito wa video bila kumkata mtu. Na nakala moja itabaki hapa kwetu siku zote. Hilo la mwisho wazee wamelipigia makofi.

Sikuombi hela. Familia zimeshachanga, na Raïssa ndiye aliyewakusanya. Ninachoomba ni jina lako. Kampuni hiyo inataka mtu mwenye pasipoti, kadi yake mwenyewe na barua pepe anayoisoma. Mimi nina karatasi ya ukimbizi tu. Amanda amechoka, na mumewe hataki tena jina la mkewe liwe kwenye mambo ya vifo vya watu. Wewe pasipoti unayo, na barua za kazi unazisoma hata mezani, wifi alinilalamikia. Nataka onyo likija, limfikie mtu ambaye litamuuma. Ukikataa nitaelewa, lakini nitahangaika sana.

Kitu kimoja kilibaki. René alirekodi kwa simu yake dakika nne za pale kaburini, amtumie mkewe. Ni wakati wa udongo. Ninaonekana namwaga, kisha nainama tena namwaga mara ya pili, na René anauliza nyuma ya simu, "Hiyo ingine ni ya nani?" Nami namjibu bila kugeuka, "Ya Yaya Eliezer. Njo mukubwa, ingeanza yake." Ndiyo, udongo wa mkubwa ndio ungetangulia, lakini hukuwepo. Siku ile mimi na wewe tulikuwa bado tumekasirikiana kuhusu mahali pa kaburi, na hakuna aliyeniambia nifanye vile.

Ningeweza kumpa Mama Xaverine video hiyo kwenye simu yake. Nimekataa. Sitaki uione kwa mkono wa mtu mwingine. Fungua namba yangu, nikutumie mimi.

Wasalimie wifi Gabriella, Cadeau na mdogo wake, na Baba Mchungaji wenu. Shangazi Annuarite anawasalimu, na René pia, ingawa anaogopa hata kutajwa kwenye barua hii. Mungu wa mama yetu awalinde katika nyumba hiyo, na awape machozi ya kutosha na mtu wa kulia naye.

Wako akupendaye hata ukiwa umeninunia,
Maombi