Matembele Iko Zamu

Kamalondo, Lubumbashi

Mudogo wangu Julienne,

Jambo sana. Mwili iko namna gani? Bantu ba nyumba beko bazima pale Manono? Mie ningali na nguvu, napanda kinga, ile baisikeli yangu, vijana banashangaa. Barua hii naandika mwenyewe. Kama unaona makosa, ni ya kalamu.

Siku hizi moyo yangu iko tu ku lupango, ile bustani ya mama. Unakumbuka, kisha mvua alikuwa anatutuma kuchuma matembele? Wewe unaimba, mie nakula nyanya mbichi na kusema ni ndege njo banakula. Halafu bukari, ile ugali ya mama, na matembele na kalanga! Hapa batoto bangu banakula mukate na soseji. Nabaambia kila siku: majani inafukuza kansere. Njo maana, wakati ulinitumia habari ya ile kivimbe mu ziwa lako, nilikujibu: "Acha lopitali, kula matembele, itaisha."

Sasa sikiliza. Siku ya yenga iliyopita, kisha misa ku parokia, mama mumoja wa lopitali alikuja kufundisha. Alisema mu majani, nyanya na kitunguu muko bitu bidogo sana, njo binaleta rangi na uchungu, na binasaidia mwili kujikinga na kansere. Nikasimama mbele ya bote: "Mie nilijua mbele yako, mama! Mudogo wangu iko na kivimbe, anajiponesha na matembele!"

Akaniuliza, "Papa, ulitumika kazi gani?"

"Zamu! Nilichunga depo miaka makumi tatu, mwizi hata mumoja hakupita!"

"Na kama unakuta mutu iko ndani tayari?"

"Naita bantu, mbio!"

"Basi, papa. Mboga iko zamu ya ku mulango. Ile kivimbe iko ndani. Hatujui kama ni mwizi ao mugeni tu. Ita bantu."

Bote bakacheka. Mie nikakaa.

Julienne, unanijua, siombake mutu musamaha. Lakini ile neno yangu, ifute. Enda lopitali kesho, bakuangalie. Kama banakutuma huku, kuja; kitanda yangu iko yako.

Salimia shemeji, bwana yako, akusindikize. Salimia na tantine, ule shangazi wa ku soko, mwenye alikupelekea jibu yangu. Mwambie nilikosea, lakini asipige makelele.

Nimepanda matembele karibu na robine ya maji. Imejaa. Nakatalia bote kuichuma, sababu hapa hakuna mwenye kuipika sawa wewe.

Yaya yako, kaka mukubwa,
Ilunga, zamu