Mlango wa Mama Nyirakamana Haujawahi Kutobolewa

Mpendwa Mama Clotilde,

Nakusalimia sana, naomba unisaidie hapo gazetini kwako kabla ya Jumamosi, maana nakuandikia vumbi la mbao likiwa bado kwenye nywele. Jina langu ni Igihozo, ni msichana wa Rutshuru, vita vilitukimbiza tukafika Munigi, kisha Murara, na hapo Murara nilipata kazi kwenye atelie, karakana ya seremala, Muzee Sikuli, mtu wa Butembo, ambaye hakuniuliza kabila langu wala baba yangu ni nani, aliniuliza tu kama naogopa vumbi.

Mama, huyu muzee nikikusimulia hutaamini. Umeme umekatika, mlango ni wa libuyu, mbao ngumu ile, na unatakiwa kuutoboa kwa shinyole, keekee ya kuzungusha kwa mkono, ili chuma cha kitasa kipite toka upande huu hadi ule, na shimo likipinda kidogo tu kitasa kinakwama na ufunguo hauzunguki. Yeye hapimi chochote, anaulaza mlango juu ya mabenchi yetu mawili pale nje kwenye mawe ya volkano, anainama kidogo upande wa barabara kama mtu anayesikiliza jambo, anazungusha huku anaimba polepole kwa Kinande, na vumbi linatoka laini kama unga. Mara ya kwanza alipomaliza aliusimamisha mlango akaniambia, "Weka jicho." Nikaweka jicho, nikaona anga upande wa pili, duara safi kabisa, machozi yakanitoka bure. Mpaka leo akitoboa naacha kazi yangu nasimama, na wapita njia nao wanasimama.

Sasa mimi. Nimetoboa vipande vya mbao tangu mvua zilipoanza, na kila shimo langu linapinda, tena yote yanatokea upande ule ule wa barabara, ingawa nashika shinyole wima kabisa, nikiilinganisha na nguzo ya atelie ambayo muzee mwenyewe aliisimamisha. Nikimtazama ananiambia tu, "Angalia, mutoto." Naangalia, lakini ninachokiona ni muujiza, na muujiza mtu anauulizaje?

Ingekuwa ni hilo tu nisingekusumbua. Juzi alikuja mama mmoja mjane, anaitwa Nyirakamana, akiwa na mlango mgongoni. Mama Clotilde, mlango huo aliubeba toka Rutshuru siku ya kukimbia, wengine walibeba magodoro na mbuzi, yeye aling'oa mlango alioutengeneza marehemu mumewe akaufunga mgongoni kwa kitenge na kamba, akatembea nao huku mabinti zake wakishika ncha ya chini isiburuzwe, mvua ikinyesha wanauegemeza mahali wanajikunyata chini yake, na kambini aliwalaza mabinti juu yake ili wasilale kwenye mawe, na watu walipomwambia auchanje uwe kuni alikataa. Niligusa mbao zake nikajisikia kama niko kanisani. Hauna tundu hata moja, maana kule kwetu ulifungwa kwa kamba tu ili mbuzi wasiingie. Sasa amepata kijumba cha mbao, wezi wanapita wakisukuma milango ya watu, na yeye na mabinti zake hawalali, ndiyo maana anataka kitasa cha kufungia kutoka ndani.

Muzee alishachukua shinyole, lakini yule mama, aliposikia mimi natoka wapi, akamzuia.

"Apana, papa. Huyu mutoto njo atatoboa. Mulango hii ilitoka kwetu, na yeye alitoka kwetu."

Muzee akacheka, akanipa shinyole mkononi. "Samedi," akaniambia, yaani Jumamosi. "Mie sitagusa."

Nikikosea, mbao zitapasuka, na mlango mwingine kama huo haupo duniani. Nimewaza kumdanganya mama kwamba shinyole imevunjika, nimewaza hata kurudi Munigi kwa binamu yangu anayeuza makala, mkaa wa kupikia, niondoke Ijumaa bila kumuaga mtu. Nisaidie, mama, nikimbie au nibaki?

Igihozo, Murara

*

Igihozo mwanangu,

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu hapa gazetini, na watu ambao kila siku wananikatiza maneno waliweka kalamu chini. Mji huu nimeukimbia kwa sababu ya volkano, nikaukimbia tena kwa sababu ya vita, na kila mara nilibeba sufuria na picha za ukutani. Kubeba mlango! Huyo mama nampigia magoti, na wewe una haki ya kutetemeka mbele yake.

Lakini kukimbilia makala, hapo sikupi haki. Aibu! Risasi hukimbiwa, binti, mlango haukimbiwi. Na ule uongo wa shinyole kuvunjika utupe chooni leo hii, maana mama aliyetembea toka Rutshuru na mzigo ule atakungojea tu mpaka uitengeneze.

Sasa sikiliza. Mimi si seremala, ila nimezaliwa juu ya mawe haya, na sijawahi kuweka sufuria ikakaa sawa nje ya nyumba yangu. Mkono mbovu hupotea kila upande, leo kulia, kesho kushoto. Wako unapotea upande mmoja tu, kwa hiyo mkono wako ni mzima. Mabenchi yenu yako kwenye mawe, na naamini kwamba mawe hayo yanateremka kuelekea barabarani. Basi mlango uliolazwa hapo umeinama, nawe unashika shinyole wima kufuata nguzo! Muzee wako anainama upande wa barabara kwa sababu mlango umeinama upande wa barabara. Amefanya hivyo miaka mingi hadi hajui tena kama anainama, ndiyo maana hakuambii. Ungemwuliza tu, "Muzee, mbona unainama?" mngecheka pamoja zamani. Kuuliza si ujinga. Tena usiogope kwamba muujiza utaisha, mimi nimeshajua sababu na bado nimeshika tama: mgongo wa mtu umejifunza mteremko wa jiwe!

Kesho asubuhi chukua kipande cha libuyu, kilaze pale pale. Simamisha ekeri, kile kipimo cha pembe, juu ya mbao yenyewe, ufuate hiyo, na nguzo uigeuzie mgongo. Toboa mpaka ncha ichungulie upande wa pili, acha hapo, geuza mbao, malizia kutokea huko, mbao haitapasuka. Rudia na rudia. Ukiona bado unayumba, mwite muzee asimame ubavuni aangalie. Amesema hatagusa, hakusema atafumba macho.

Na kuhusu Mama Nyirakamana, acha kumfanya mtoto. Alikuona uko mwanafunzi, vumbi kichwani, na bado akakuchagua. Mtu aliyekataa mlango wake uwe kuni hawezi kuutoa ovyo kwa yeyote. Mwambie kwamba unaogopa, umwombe akuoneshe mwenyewe kwa kidole mahali anapotaka shimo, kisha umwombe akushikie mlango usitikisike. Mikono yake inaujua.

Jumamosi utoboe, utie kitasa, mwende wote kwenye kijumba chake mkaupachike. Halafu mwambie aingie na mabinti zake, afunge kwa ufunguo kutoka ndani. Wewe ubaki nje, usukume kwa bega, kwa nguvu zako zote, kama mwizi. Usipofunguka, waage hapo hapo nje, uende kwako ukalale.

Mama Clotilde